Barua ya Manjano na Dirisha la Jikoni

Kwanza mjue kwamba maharagwe yana mawe, na mawe hayo hayatoki ati kwa sababu shule imenunua jiko la mvuke. Lazima mtu aketi, amwage maharagwe kwenye ungo, achague. Nawaambia ninyi vijana mnaoanza kazi shuleni, wapishi, makarani, hata ninyi walimu wapya mnaopita dirishani kuomba chai kabla kengele haijalia. Mimi nimepika katika shule moja ya msingi hapa Eastlands tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, mpaka nikawapakulia watoto wa wale niliowapakulia. Mimi ni Rasoa, mtu wa Bungoma. Kwetu nyanya ni kukhu, lakini mtoto wa Eastlands hana habari na kukhu. Kwake kila mama mwenye mvi ni Shosho. Basi nikawa Shosho.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Okumu, mpishi aliyenitangulia. Aliwahi kuwapikia watu wa reli na alikuwa bado anaishi Makongeni, mtaa wa watu hao. Alikuwa mtu wa maneno machache na chumvi kidogo. Siku yangu ya kwanza nilitia mahindi na maharagwe kwenye sufuria kwa pamoja, mahindi makavu ya zamani, maharagwe mapya ya juzi. Kufika saa sita maharagwe yamekuwa uji, na mahindi bado yanagonga sufuria kama changarawe. Watoto wamepanga foleni. Mzee Okumu akaonja, akatema punje moja kiganjani, akaniangalia.

"Rasoa, hapa umepika nini?"

"Githeri, Mzee."

"Hapana. Umepika maharagwe, halafu ukayatilia vifungo vya shati."

Toka siku hiyo mahindi yangu hulala ndani ya maji, hutangulia motoni, maharagwe hufuata, na chumvi huingia mwisho kabisa. Ukiitanguliza chumvi, maharagwe yanakaza ngozi na utachoma kuni bure. Siku hizi mna gesi, lakini maharagwe ni yale yale.

Fundisho la pili la Mzee Okumu lilikuwa la majina. "Sahani zote zinafanana," aliniambia. "Ukipakua bila kuita jina, unalisha sahani." Basi nikajifunza majina. La mtoto, la baba yake, na mtaa anakotoka. Fatuma Abdi, asiyetaka kuona kitunguu. Brian Wafula wa Makongeni, aliyetafuna kila punje kama anayehojiwa na polisi. Mapacha Njeri na Wangui, mmoja na kovu juu ya jicho, na yule asiye na kovu ndiye mtundu. Majuzi hapa Mowlem ninakoishi sasa, jamaa wa bodaboda alisimama kando yangu na abiria wake nyuma.

"Shosho, niaje! Unanikumbuka kweli?"

"Kevin Omondi," nikamwambia. "Ulikuwa unaficha mandazi kwenye soksi."

Abiria alicheka karibu aanguke.

Majina yalikaa kichwani kwa sababu palikuwa na nafasi. Herufi hazikuwa zimeingia. Nilisoma mpaka darasa la pili, kisha baba akasema kaka zangu wanatosha. Naweza kuwaambia hivyo leo bila kutazama chini. Wakati ule nisingeweza, na hapo ndipo kosa langu lilipoota mizizi.

Dirisha la jikoni yetu lilitazama lango. Mzazi akiitwa kuchukua barua, alipewa ofisini, akatia sahihi au akabonyeza kidole, halafu akitoka ananipitia dirishani kunisalimu. Siku moja mama mmoja akaninyooshea barua. "Shosho, nisomee hii, miwani nimeiacha nyumbani." Nilijua hana miwani. Na yeye nadhani alijua kwamba najua. Ningemwambia tu, mwanangu, hata mimi yangu niliiacha Bungoma, utotoni. Lakini nilikuwa nimevaa aproni ya shule, nyeupe, iliyopigwa pasi, na mtu aliyevaa nguo ya shule ataachaje kuona haya kusema hajui kusoma? Nikaichukua ile barua. Ilikuwa ya kijani. Na karani wetu wa miaka hiyo, Bwana Mutiso, alikuwa mtu wa utaratibu kupita kiasi. Barua ya mkutano, karatasi nyeupe. Barua ya dawa ya minyoo au chanjo, kijani. Barua ya sherehe, manjano. Hakumwambia mtu, ilikuwa tabia yake tu, lakini mimi nilikuwa nimeona. Nikakunja uso, nikapitisha kidole kwenye mistari, nikasema, "Watapewa dawa ya minyoo. Mtoto aje ameshiba."

Wiki iliyofuata wauguzi walikuja na dawa. Basi, nikawa msomi.

Walikuja wengi baada ya huyo. Hata ripoti za mtihani waliniletea, na hizo hazina rangi. Lakini mtoto ambaye unampakulia kila siku unamjua. Nilikuwa nashika ripoti na kusema, "Hapa walimu wanasema ana akili, ila anaongea sana," na mama anapiga paja, "Si ndiye huyo! Si ndiye kabisa!" Sikuwa nimesema uongo kuhusu mtoto. Uongo ulikuwa kwenye kile kidole changu kinachotembea juu ya mistari.

Sasa nifike kwa Swabra.

Swabra Athumani wa Shauri Moyo alikuwa darasa la nane, msichana mrefu, baba yake alifariki akiwa mdogo. Mama Swabra aliuza sweta za watoto sokoni Gikomba. Kila alipopewa barua alinipitia, na hakuwahi kusingizia miwani. Alisema wazi, "Shosho, mimi sikusoma. Niambie wanataka nini." Muhula ule akatoka ofisini na barua ya manjano. Nikaitazama, nikafurahi, maana sherehe yetu ilikuwa karibu. Tuliiita Siku ya Habari. Mwisho wa muhula wazazi wanakuja, na watoto wanasimama mmoja mmoja kutoka kila darasa kutangaza kitu kimoja walichojifunza. Akina mama wanapiga vigelegele hata kama mtoto amesema amejua kufunga kamba za viatu. Mimi napika pilau, kisha naita majina ya kwenda kuchukua sahani, bila karatasi, shule nzima. Huo ndio ulikuwa wimbo wangu.

"Ni ya Siku ya Habari," nikamwambia Mama Swabra. "Uvae vizuri."

"Wallahi nitavaa ile nguo ya Idd," akasema, akaikunja barua akaitia kwenye kibeti. Na barua ambayo imekwisha kusomwa, nani ataisoma tena?

Kumbe Bwana Mutiso alikuwa amekwenda likizo, na kijana aliyeshika nafasi yake alikuwa akichukua karatasi yoyote iliyokaribia mkono wake.

Ilipofika Alhamisi moja, saa ya chakula, sahani ya Swabra ikarudi imejaa. Swabra hakuwa mtoto wa kurudisha sahani. Huyo alikuwa wa "Shosho, usinibanie, niongeze madondo," ndivyo walivyoita maharagwe. Shikeni hili: mpishi wa shule haangalii sahani inayotoka, anaangalia inayorudi.

"Swabra Athumani," nikamwita, "maharagwe yangu yana nini leo?"

"Hayana kitu, Shosho."

"Basi wewe una nini?"

Akasogea dirishani. "Mwalimu Nafula amesema sitasajiliwa kufanya mtihani. Ati mama alipewa barua ya kuleta cheti changu cha kuzaliwa, akaipuuza. Lakini mama aliniambia barua ilikuwa ya sherehe. Alisema wewe ndiye ulimsomea." Akaniangalia. "Ulimsomea, sivyo?"

Wajukuu zangu, nilikuwa na mwiko mkononi. Mtoto ananiuliza swali la ndiyo au la.

"Nilimsomea," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaondoka akiamini kwamba mwenye kosa ni mama yake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko barua yenyewe. Barua nilikosea kwa rangi. Hapo nilikosea kwa macho mawili yanayoona.

Haukupita muda Mwalimu Nafula, naibu wa mwalimu mkuu, akaja kuchukua chai yake. Alikuwa na hasira ya mtu anayependa watoto. "Wazazi wengine hawajali, Shosho. Nimempa barua mkononi. Nampigia simu hapokei. Orodha inaondoka kesho saa sita, na jina la Swabra halimo. Mtoto wa pili kwa hisabati darasani! Atarudia mwaka kwa sababu ya uzembe wa mama yake."

Nilikoroga sufuria iliyokuwa haina haja ya kukorogwa. Kichwani nilikuwa nafanya hesabu ya woga. Nikinyamaza, Mama Swabra ataonekana mzembe, basi, na watu watasahau. Nikisema, kesho nani ataniletea barua? Nani ataniita Shosho kwa sauti ile?

"Mwalimu," nikasema, "ile barua ilikuwa ya rangi gani?"

"Manjano. Karani huyu mpya anachukua karatasi ovyo ovyo. Kwani rangi ina nini?"

"Rangi ndiyo niliyosoma."

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, nikaona jinsi alivyoweka kikombe chini polepole.

"Shosho. Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Na hakuna mtu aliyejua?"

"Sufuria zilijua."

Hakucheka. Nilifikiri atanifokea, na ningefurahi kufokewa. Akasema tu, "Mama Swabra yuko Gikomba wapi?"

"Upande wa sweta. Napajua."

"Basi nenda. Chai nitajimiminia."

Nilitoka na aproni yangu, nikapita Shauri Moyo kwa miguu, nikaingia Gikomba. Nilimsikia Mama Swabra kabla ya kumwona. Amesimama juu ya rundo la sweta, anaita wateja, "Mama chagua! Baridi haina huruma, chagua!" Aliponiona na aproni, sauti ikakatika.

"Shosho! Umeacha jikoni? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Shuka, mwanangu."

Akashuka. Nikamwambia yote nimesimama, maana niliogopa nikiketi nitapunguza maneno. Barua ilikuwa ya cheti cha kuzaliwa. Siku ya mwisho ni kesho. Mimi sijui kusoma, sikuwahi kujua, nilikuwa natazama rangi.

Aliinama akaokota sweta ndogo nyekundu, akaikunja. Akaikunjua, akaikunja tena. Mwenzake wa meza ya pili akauliza, "Mama Swabra, ni bei gani hiyo?"

"Shosho," akasema mwishowe, "mimi sijui kusoma, na nilisema sijui. Wewe hujui, na ulisema unajua. Kati yetu sisi wawili, mjinga ni nani?"

"Ni mimi."

"Ni wewe," akasema. Kisha akamgeukia mwenzake, "Niangalizie meza," na tukaanza kutembea.

Kule kwake Shauri Moyo, alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akalifungua. Wajukuu, humo ndani kulikuwa na karatasi kama majani ya mgomba. Zenye muhuri, zisizo na muhuri, zilizokunjwa, zilizoliwa pembe na panya. Tukaketi kitandani, tukazitazama. Akashika moja. "Hii ina muhuri." Nikashika nyingine. "Hii pia." Akashika ya tatu. "Hii ni ngumu ngumu, huenda ndiyo." Cheti kilikuwa mle, mbele ya macho yetu, na hatukuweza kukiona.

"Na hazina rangi," akasema.

Nilimtazama nijue kama ananipiga kijembe. Alikuwa ananipiga, lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kucheza. Sijui nani alitangulia kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha watu wanaokaribia kulia. Mwishowe tukamwaga karatasi zote ndani ya sweta moja kubwa, tukafunga mikono yake kama mzigo, tukabeba mpaka shuleni.

Swabra aliitwa kutoka darasani. Tulifungua mzigo juu ya meza ya kupakulia, na mimi nikaipangusa kwanza. Kabla hajagusa karatasi nikamwambia, "Swabra, ulipouliza kama nilisoma barua ya mama yako, nilikudanganya. Sijui kusoma. Mama yako hakupuuza kitu."

Alimtazama mama yake, kisha mimi, kisha akazishika zile karatasi. Alisoma moja moja kwa sauti ndogo. "Hii ni kadi ya kliniki. Hii ni ya nyumba. Hii ni kadi ya kliniki tena." Akafika kwenye moja, akasoma kimya, akaiweka pembeni kifudifudi. "Hii ni ya baba," akasema. Mama yake akaiwekea mkono juu. Halafu, karibu mwisho, ile ngumu ngumu aliyoishika mama yake kitandani. "Ndiyo hii."

Mama Swabra akanipiga begani. "Si nilikwambia?"

Orodha iliondoka kesho yake na jina la Swabra Athumani ndani.

Siku ya Habari ilipofika sikuonja hata pilau yangu. Niliogopa atakachosema Swabra akisimama mbele ya wazazi wote. Angeweza kusema muhula huo amejifunza kwamba Shosho ni mwongo, na ingekuwa haki yake. Akasimama mrefu vile, mama yake mbele na nguo ya Idd. "Naitwa Swabra Athumani. Muhula huu nimejua kutafuta eneo la pembetatu." Akaeleza kitako na kimo, akaketi. Vigelegele. Hakunitazama hata kidogo.

Ukarimu wa mtoto unaweza kukuchapa kuliko fimbo. Zamu yangu ya kuita majina ilipofika, sikuita. Nikasema, "Na mimi nina habari. Ninyi wote mlioniletea barua, nilikuwa sisomi. Nilikuwa natazama rangi ya karatasi. Sijui kusoma."

Mama Brian akauliza kule nyuma, "Na ile uliyonisomea, ya dawa ya minyoo?"

"Hiyo ilikuwa ya kijani."

"Na ripoti ya Brian? Ati mwalimu amesema mvivu wa asubuhi?"

"Hiyo nilisema mimi, Mama Brian. Lakini si ni kweli?"

Walicheka, si wote. Wengine walikuwa wakirudi nyuma kichwani, barua kwa barua, kuangalia ni nini kingine kilichopotea. Baba mmoja alitoka bila kula. Sikumlaumu. Nikaanza kuita majina, na sauti ilikuwa nyembamba mpaka nilipofika darasa la tatu.

Toka hapo dirisha langu likawa na sheria. Mzazi akija na barua, namwita mtoto wake kutoka foleni, kwa jina. Mtoto anasoma kwa sauti, mzazi anasikia, na mimi nasikia. Watoto waliokuwa wakisoma kwa kukwama kwama darasani walinyoosha ulimi pale dirishani, maana mama anasikiliza na githeri inasubiri. Mwalimu Nafula alisema ni somo lisilo kwenye ratiba. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa siri wa somo hilo, nikifuata kidole cha mtoto kwa macho.

Siku hizi najua karatasi zimepungua. Habari zote za shule ziko kwenye kundi la simu. Mwalimu anatuma, na papo hapo wazazi wanajibu kwa kidole gumba, kidole gumba, kidole gumba. Nimeona mpwa wangu akifanya hivyo huku anakaanga samaki. Nikamuuliza, "Inasema nini?" Akasema, "Ni mambo ya shule tu." Ameona nini basi? Ameona rangi. Ninyi makarani wapya, msihesabu vidole. Mwulizeni mzazi mmoja, kwa jina, umeambiwa ulete nini?

Mimi na Mama Swabra tulijiandikisha gumbaru, kisomo cha watu wazima cha jioni, pamoja na wengine wa mtaa. Yeye alinishinda vibaya. Alikuwa anasoma vibandiko vya sweta huko Gikomba siku nzima, mimi nilikuwa na sufuria tu, na sufuria haziandikwi. Haya mnayosoma nimeyaandika mimi kwa herufi kubwa kama mandazi, na Swabra, ambaye sasa yuko chuo cha ualimu, ameyanyoosha. Nilimwambia asiguse pale niliposema nilimdanganya.

Nilipostaafu, shule ilinifanyia sherehe uwanjani. Mwalimu mkuu, mgeni wakati huo, akanipa barua ndani ya bahasha. Wakati huo nilikuwa naweza kusoma maneno mafupi, lakini macho yalijaa maji. Nikampa Mama Swabra aliyekaa kando yangu. Akaifungua. Ilikuwa ya manjano.

Akaitazama. Akakunja uso, akapitisha kidole kwenye mistari, akasema kwa sauti ile yangu ya zamani, "Inasema kutakuwa na sherehe. Mje mkiwa safi."

Nilimpiga na kitambaa. Tulicheka mpaka mwalimu mkuu akageuka. Kisha akaanza upya, kutoka juu, neno moja moja, bila kuruka. Alipofika mahali fulani kidole chake kikasimama.

"Soma," nikamwambia. "Usinifiche."

"Hapa pa jina," akasema, "wameandika Mpishi tu."

Nikatazama uwanja. Watoto mia kadhaa, na kila mmoja nilikuwa na jina lake mdomoni. Mama Swabra akafungua kibeti, akatoa kalamu, akaiweka barua juu ya goti lake. Aliandika juu ya neno lile taratibu, akibonyeza sana, kisha akanipa.

Herufi tano. Hizo nilizisoma mwenyewe.